Baiskeli moja haichezi namba zote

JUMAPILI iliyopita jioni nilikuwa Forodhani, pale kwenye ukuta wa bahari, nabishana na wenzangu kama kawaida yetu. Mada ilikuwa penalti ambayo mwamuzi alikataa kuitoa Amaan. Watoto wanachupa baharini mmoja baada ya mwengine, wauza mishikaki wanapepea mkaa, na mie nimeegemea baiskeli yangu. Mzee mmoja wa baraza letu, shabiki wa Malindi tangu hajaota ndevu, akanikatiza katikati ya hoja.

"Hebu kwanza, we mwandishi. Juzi nimekuona na Phoenix ya marehemu babu yako. Jana na ile ya kikapu. Leo umekuja na hii nyengine, nyembamba kama mwiko. Unazo ngapi?"

"Tatu, mzee wangu."

"Tatu! Na mke?"

"Mke bado."

"Utampataje, na ukumbi wenu umejaa magurudumu? Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika tatu!"

Baraza zima likaangua kicheko, na penalti ikasahaulika pale pale. Nikacheka na mimi, lakini nilirudi nyumbani na dukuduku. Maana mzee yule hakuwa peke yake. Kazini wananiambia hivyo hivyo, na mama amewahi kuniuliza kama nataka kufungua duka la spea. Basi leo naomba ukurasa huu wa michezo nijibu. Na kabla hujauliza baiskeli na kandanda wapi na wapi, nipe dakika chache. Kuna winga mmoja yumo ndani ya habari hii, na nina deni lake.

Kiraka ana mwisho wake

Mashabiki wa soka tunalijua neno kiraka. Ni yule mchezaji ambaye leo unamweka beki wa kulia, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo mkabaji, na kote haharibu. Erasto Nyoni alifanya kazi hiyo Taifa Stars na Simba kwa miaka mingi, na makocha walimpenda kwa hilo. Timu ikipata majeruhi, kiraka anaziba.

Lakini tusisahau kiraka chenyewe ni kitu gani. Ni kipande cha mpira ambacho fundi anakibandika kwenye tyubu iliyotoboka ili ufike nyumbani. Hakuna fundi anayetengeneza tyubu nzima kwa viraka, na hakuna kocha anayepanga viraka 11 akaita kikosi. Na mchezaji kiraka, ukimchezesha kila mechi na kila namba bila kumpumzisha, ataumia.

Sasa tazama nyumba nyingi za Mji Mkongwe na Ng'ambo. Baiskeli ni moja. Alfajiri inakwenda sokoni. Saa moja asubuhi inampeleka mtu kazini au skuli. Mchana inatumwa dukani, inarudi na mtungi wa gesi au kilo tano za mchele. Alasiri kijana anaitaka aende mazoezini. Usiku imelala ukumbini na pancha, na kesho alfajiri inaanza tena. Kila mtu nyumbani anaisifu kwamba ni imara, na hakuna anayeuliza inaumwa wapi.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Kazi za baiskeli ni tatu. Kuna safari ya kila siku ya kazini au skuli, kuna kutumwa na kubeba mizigo, na kuna kuendesha kwa raha na mazoezi. Kila moja ina mahitaji yake. Ukizilundika zote juu ya baiskeli moja, riziki inashinda kila siku, ya kutumwa inajipenyeza, na ile ya michezo inakufa. Hakuna anayeiua kwa makusudi. Inakosa nafasi tu, kama mchezaji wa akiba ambaye kocha hamkumbuki hadi dakika ya 90.

Kikosi changu

Niwatambulishe wachezaji wangu, maana watu wanadhani nimenunua kitu kimoja mara tatu.

Ya kwanza ni ya kazini. Ni mtumba wa Japani, nimeinunua kwa shilingi 180,000. Ina kikapu mbele, madigadi pande zote mbili, cheni imefunikwa, na taa inayowashwa na gurudumu lenyewe. Haina lile bomba la juu, kwa hiyo dada yangu anaipanda na buibui lake bila tabu siku ambazo mie sina mechi. Kazi yangu ni viwanja. Kutoka Forodhani hadi Mao Tse Tung ni dakika chache, na hadi Amaan ni kama kilomita tatu. Safari kama hiyo haihitaji mbio. Inahitaji suruali isiguse grisi, maji ya mvua yasikurukie mgongoni, na taa iwake ukirudi usiku.

Nani anabisha, akumbuke usiku wa Januari 13, 2024. Fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege wameifunga Simba bao 1-0 na kuchukua kombe kwa mara ya pili mfululizo. Amaan ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa baada ya kukarabatiwa, na watu walijaa. Mpira ulipokwisha, barabara yote ilikuwa honi na vifijo, daladala hazisogei. Mie nilipita pembeni taratibu, kengele mkononi, nikaingia vichochoroni. Nilifika nyumbani, nikaandika habari yangu nikaituma, ndipo wenzangu waliopanda gari wakaanza kunipigia simu kuuliza nimepitia wapi.

Ya pili ni Phoenix ya babu. Hii ni chuma kitupu, magurudumu ya inchi 28, uzito unakaribia kilo 20 kabla hujaweka kitu. Keria yake imeongezwa nondo na fundi, na stendi yake ni ya miguu miwili, kwa hiyo inasimama wima unapopakia. Imebeba magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, viti vya harusi, na siku moja ilibeba mlango. Ndiyo baiskeli ya kutumwa. Lakini ina mambo yake. Rimu ya chuma ikilowa, breki hazikamati vizuri, na masika ukishuka nayo na mzigo inabidi uanze kufunga breki mapema kuliko unavyodhani. Babu alikuwa akisema baiskeli hii haiendeshwi, inabembelezwa.

Ya tatu ndiyo iliyomuudhi mzee. Matairi membamba, hendeli iliyopinda, gia nyuma na mbele. Haina keria, haina kikapu, kwa ufupi haina kazi. Jumapili asubuhi, jua halijakaza, natoka nayo Forodhani, napita Malindi na Mtoni hadi Bububu, kama kilomita kumi. Nikiwa na pumzi naendelea hadi Mangapwani. Narudi nimelowa jasho, kichwa cheupe. Mie ni mtu ninayekaa kwenye kiti nikiandika kwamba beki fulani hana stamina, huku mwenyewe nikipanda ngazi za jukwaani nahema. Baiskeli hii imenitoa kwenye unafiki huo. Gharama yake ni kitambaa na mafuta, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku pwani inakula cheni usiku mmoja ukizembea.

Jaribu kuwabadilishia namba uone. Ile nyembamba ukiipakia gunia la mchele, utavunja spoku kabla hujafika Darajani. Phoenix ukienda nayo Mangapwani kwa raha, utarudi umebebwa. Na ya kikapu inaweza kufika Bububu, lakini utafika umechoka, na kesho yake hutaki tena.

Kila chombo kwa wimbile

Wazee wetu walilisema hili zamani: kila chombo kwa wimbile. Mzee wangu wa baraza anakaa kila siku mbele ya bahari hii hii. Anaona ngalawa inarudi kuvua. Anaona jahazi la mizigo linaelekea Malindi. Anaona boti ya abiria inaondoka kwenda Dar es Salaam. Siku za resi za ngalawa ni yeye wa kwanza kusifu tanga kubwa na chombo chepesi. Sijawahi kumsikia akiuliza kwa nini mji huu haukutosheka na aina moja ya chombo.

Mtazame na mchezaji. Ana njumu za uwanjani, ana viatu vya skuli au kazini, ana ndara za kwenda dukani. Hakuna anayemwambia anajionesha. Ukimwona anacheza fainali na ndara utasema amerukwa na akili. Ukimwona anakwenda msikitini na njumu utasema vivyo hivyo.

Majirani zetu nao wanajua. Goma, mashariki ya Kongo, wana chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedeli. Mtu anakisukuma mlimani na kukipanda kwenye mteremko, kimebeba mkaa na viazi mpaka dereva haonekani. Wamekiheshimu hadi wakakijengea sanamu mjini. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibandika mto juu ya keria wakaanza kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na hapo ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, kabla pikipiki hazijalichukua. Watu wa kazi wamejua siku zote kwamba baiskeli inatengenezwa kwa shughuli yake.

Na watu wa michezo pia. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za kushindana na saa, tena akampita njiani Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alitangulia kuondoka. Wiki moja baadaye, kwenye mbio za barabara, Pogačar akawa wa kwanza na Evenepoel wa pili. Sisemi baiskeli ndiyo iliyoamua, miguu ya watu wale si ya kawaida. Nasema hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuja Kigali na baiskeli moja kwa kazi zote mbili. Ya saa ni ya saa, ya mlimani ni ya mlimani.

Ukitaka kuona ubaya wa baiskeli isiyo yako, mkumbuke Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kwenye mchezo huu na Mkenya David Kinjah. Julai 14, 2016, kwenye Tour de France, anapanda mlima Mont Ventoux akiwa na jezi ya njano. Watu wamefurika barabarani, pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafla, wakaigonga, baiskeli yake ikavunjika. Froome akaanza kupanda mlima kwa miguu, mbio, na viatu vya baiskeli. Gari la huduma likampa baiskeli ya dharura. Ilikuwa ndogo kwake, na pedeli hazikushika viatu vyake. Mtu ambaye wakati huo alikuwa ameshachukua Tour mara mbili, na mwaka ule akachukua ya tatu, alikuwa anahangaika pale kama mtoto anayejifunza, mpaka gari la timu yake lilipomletea baiskeli inayomfaa.

Bingwa wa Tour, juu ya baiskeli isiyomfaa, hakuwa na ubingwa wowote. Sasa turudi Ng'ambo.

Winga na baiskeli ya samaki

Kuna kijana wa miaka 19, winga wa kushoto wa timu moja ya daraja la chini hapa Unguja. Simtaji, wala timu yake siitaji. Ana mguu ule ambao ukiuona mara moja unamuuliza jirani yako, "Huyu nani?" Msimu uliopita niliwafuata kwa mechi kadhaa. Alianza vizuri, kisha akawa anaingia kipindi cha pili, kisha hakuingia kabisa. Nikamuuliza kocha. Akanijibu kwa kifupi: "Anachelewa mazoezini. Mie sina timu ya wachelewaji."

Nikaandika. Kwenye habari yangu ya mechi niliweka sentensi moja kwamba kijana ana kipaji lakini nidhamu ya muda inamwangusha. Sentensi moja tu, na wala sikumtafuta nimuulize. Walionifundisha kwenye diploma wangenikata maksi, na wangekuwa na haki.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Michenzani, saa kumi na robo jioni, juu ya baiskeli. Nyuma kuna tenga tupu limefungwa kwa mpira wa tyubu. Njumu zinaning'inia kwenye hendeli. Magoti yanakaribia kugusa kidevu, maana kiti kilikuwa chini mno. Nikamwita, tukasimama pembeni.

Baiskeli ni ya baba yake. Baba anaamka alfajiri, ananunua samaki Malindi, kisha anazunguka mitaani na honi yake hadi tenga liishe. Siku ya changu na pono wengi anarudi saa nane. Siku biashara imelala anarudi saa kumi. Mazoezi yanaanza saa kumi kamili. Kijana anaipokea baiskeli mlangoni, anaiosha kwa sabuni na ndimu, anaondoka. Harufu haitoki. Wenzake wanamwita Changu. Kiti kimechomelewa kwa urefu wa baba, ambaye ni mfupi, na hakipandi. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumuuma.

"Mbona hukumwambia kocha?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini, kaka? Kwamba baba hajauza?"

"Na daladala?"

"Kwenda na kurudi, siku nne kwa wiki. Hiyo pesa mama ananunulia unga."

Sikuwa na swali jengine. Nilikuwa nimeandika kwamba hana nidhamu, kumbe alikuwa anasubiri zamu yake ya baiskeli nyuma ya samaki. Na samaki wana haki ya kutangulia, maana ndio wanaolisha nyumba. Baba hana kosa, kijana hana kosa. Kocha alikosea kwa kutouliza, na mie nilikosea zaidi, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi yangu.

Na hili la goti msilichukulie mzaha. Kiti kikiwa chini sana, goti linakunjika kupita kiasi kila unaposukuma, na mzigo wote unabaki mbele ya goti. Kipimo ni rahisi: pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umekaribia kunyooka, ubakie mkunjo mdogo tu. Mchezaji anayeendesha vibaya kilomita tano kwenda mazoezini na tano kurudi anamaliza magoti kabla hajagusa mpira. Makocha wanahesabu mizunguko ya uwanjani, hii ya barabarani hawaihesabu.

Najua mtasema nini

Mtasema hakuna nafasi. Kweli, nyumba za Mji Mkongwe zina kumbi nyembamba na ngazi za kupindapinda. Mie nimepiga misumari miwili mikubwa ukutani, ile nyembamba inaning'inia juu kama picha ya harusi. Phoenix inalala chini yake. Ya kikapu inakaa mlangoni na kufuli.

Mtasema hakuna pesa. Hapa nakubali nusu. Baba wa kijana yule hawezi kuamka kesho akanunua baiskeli ya pili. Lakini nyumba ngapi zinadunduliza miaka kwa ajili ya pikipiki? Pikipiki mpya siku hizi haipungui shilingi milioni mbili, na ukishaipata inakunywa petroli kila siku. Baiskeli zangu tatu, pamoja na ya urithi, hazijafika nusu ya hapo. Na wala sikuzinunua kwa pamoja. Ya babu niliikuta, ya kazini nilinunua nilipopata ajira, ya raha imekuja baada ya miaka miwili. Simwambii mtu anunue tatu. Nasema nyumba yenye moja, ikipata uwezo, ifikirie ya pili kabla ya kufikiria injini. Na ya pili iwe ya kazi tofauti, isiwe ndugu pacha wa ile ya kwanza.

Mtasema baiskeli ya raha ni anasa. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu anayesema ni shabiki wa mpira. Mpira wenyewe ni nini kama si raha? Watu wazima 22 wanakimbiza ngozi, na sisi tunapoteza sauti. Tunaona sawa kutoa pesa ya jezi ya timu ya Uingereza, lakini mtu akiendesha baiskeli Jumapili bila mzigo nyuma tunamuuliza ametumwa wapi. Dada yangu alipoichukua ile ya kikapu jioni akazunguka tu Mnazi Mmoja kupunga upepo, jirani alimuuliza kama kuna mgonjwa. Hatujazoea kuona mtu anaendesha kwa sababu anapenda.

Na mtasema, huu ndio mkuki wenyewe, kwamba mwandishi ana tatu na winga hana hata moja, halafu anatuhubiria. Ni kweli. Nililala na hilo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba baiskeli iliyosimama ni mchezaji aliyekaa bure, na klabu yenye akili inamtoa kwa mkopo. Ya kikapu nimempa winga siku zake nne za mazoezi. Siku hizo mie nakwenda kazini na ile nyembamba, na suruali inaguswa na grisi kweli, na dada yangu ananinunia. Fundi amekipandisha kiti. Kijana alisita kidogo kwa sababu ya kikapu, akaona aibu kwenda nacho mbele ya wenzake. Nikamwambia kikapu hakinuki samaki.

Lakini mkopo wa mtu mmoja si mpango. Klabu zetu zinatafuta wadhamini wa jezi kila msimu. Jezi ni nzuri, lakini mchezaji havai jezi akafika nayo uwanjani. Klabu ikiwa na baiskeli tatu au nne za mtumba, zikaandikwa namba, zikakabidhiwa wachezaji wanaokaa mbali kwa zamu, itaokoa vipaji ambavyo faini haiviokoi. Mechi zinazotoa zawadi ya mchezaji bora, siku moja toeni baiskeli. Ataipanda kesho yake na mtaa mzima utaiona. Na kwenye viwanja vyetu, vikubwa na vidogo, pawe na chuma cha kufungia baiskeli na mtu wa kuzitupia jicho. Mie nimewahi kutoka kwenye mechi nikakuta kiti kimeondoka na mwenyewe simjui. Nilirudi nyumbani nimesimama njia nzima, na habari nikaiandika nimesimama.

Kwa makocha nina ombi moja, na najiombea na mimi humo humo. Mchezaji akichelewa mara tatu, kabla ya faini muulizeni amekuja na nini. Majibu mengine yatawachekesha, mengine yatawanyamazisha.

Mzee wangu wa Malindi, la mke niachie, naomba dua zako tu. La baiskeli nimekujibu. Penalti ilikuwa halali, na hapo sirudi nyuma.

Ama winga wetu, sasa ni mwezi wa pili anafika mazoezini saa kumi kasoro dakika kumi. Goti limetulia. Jina la Changu limebaki, limeshamganda. Jumamosi nilikwenda kuwatazama na nikategemea kumwona anaanza. Hakuanza. Kocha ameleta kijana mwengine wa kushoto, ana kasi kuliko yeye na anarudi kukaba, na kwa haki ya Mungu kocha yuko sahihi. Winga wangu alikaa benchi dakika 70 na kuingia 20 za mwisho, akapiga krosi moja nzuri na kupoteza mipira miwili.

Baada ya mechi alikuja kwangu amekunja uso. Nikamwambia safari hii nitaandika ukweli: umekaa benchi kwa sababu za mpira. Akacheka kidogo, akafungua kufuli, akaondoka.